Baba, Nilikudanganya Kuhusu Simu ya Amerika

Baba yangu,

Barua huanza kwa kuulizana hali. Hivyo ndivyo ulivyonifundisha tangu nikiwa na penseli ya kwanza mkononi, na leo nitaivunja ada hiyo. Hali yako anaijua Mwenyezi Mungu, na hali yetu sisi tangu mwezi wa Machi haikuwa ya kumwandikia mtu. Mama na mimi tumeishi nyumba moja hapa Kingsbury, London, tukipishana ngazini kama wapangaji wasiojuana.

Kwa hivyo niseme mapema, maana unanijua kwa kuzunguka. Siku ile hospitalini uliponiuliza kama simu ya Amerika imepigwa, nikakujibu imepigwa, ilikuwa haijapigwa. Nilikudanganya, Baba. Ulifariki siku nne baadaye, na niliyoyafanya baada ya hapo ili kuuficha uongo ule ni mabaya kuliko uongo wenyewe. Naiandika barua hii wazi, aisome na mwingine yeyote mwenye mzazi mgonjwa na faili la karatasi asilotaka kuligusa. Na kwa kuwa huyo hajui simu ya Amerika ni kitu gani, nivumilie nikikusimulia mambo ambayo wewe ndiye uliyenifundisha.

Mama aliuguza watu Ohio, kule Amerika, miaka ishirini na miwili. Wewe ulikuwa mwalimu Mombasa, lakini kule ualimu wako haukutakiwa na mtu. Ukawa mlinzi wa maegesho ya magari mchana, na jioni ukawa mpishi na karani wa mke wako. Kila barua iliyotoka kazini kwake uliisoma wewe. Kila mshahara, sehemu yake iliingia kwenye akiba ya uzeeni bila kukatwa kodi, na wewe ukawa unaandika kwenye daftari. Serikali ya kule ilisubiri tu. Mama alipotimiza miaka sabini na mitatu, mkiwa mmeshahamia kwangu London, ikaja barua: kuanzia sasa kila mwaka ni lazima atoe kiasi fulani kwenye akiba ile kabla mwaka haujakwisha, ili nayo serikali ipate kodi yake. Asipotoa, faini yaweza kufika robo ya kile alichopaswa kutoa.

"Wamevumilia vya kutosha," ulimwambia Mama. "Sasa nao wataka kuonja."

Jumamosi ya pili ya Desemba ndiyo iliyokuwa siku ya simu ya Amerika, na wewe uliifanya sikukuu. Ulivaa kofia yako ya kiua, ukatandaza karatasi mezani, ukaipigia simu ile kampuni ya Amerika inayotunza akiba, ukaiweka spika. Muziki wao wa kuwangojesha watu ukipiga, ulikuwa ukiufuatisha kwa kidole juu ya meza. Ukisikia sauti ya mtu, unaita kwa nguvu kana kwamba Mama yuko ng'ambo ya mto: "Mama Rukia! Njoo useme jina lako!" Naye anatoka jikoni na unga mikononi, anataja jina, tarehe ya kuzaliwa, mtaa wa kwanza aliokaa Ohio, kisha anasema "yes" moja kubwa, anageuka.

"Miaka ishirini na miwili nimewageuza wagonjwa wao vitandani," alikuwa akinung'unika akirudi kwenye chapati zake, "na hata leo wan'uliza mimi n'nani."

Mwaka mmoja nilikwambia kuna njia nyepesi. Unawaagiza mara moja tu, pesa zinajileta zenyewe kila mwaka, hakuna simu, hakuna muziki. Ulivua miwani, nami nikajua hotuba inakuja. "Rukia, pesa hizi ni jasho la mamako. Mimi hapa ni karani. Neno la kuzitoa litatoka kinywani mwake. Halitatoka kwa mashine, wala kwangu mimi." Nilicheka. Unajua kazi yangu mimi ni ofisi ya nyumba za manispaa, na kutwa nzima nawakumbusha watu tarehe zao. Mashine inawaandikia, mimi natia jina. Nilikuona mtu wa zamani, Baba, na nilikuona hivyo kwa mapenzi, lakini nilikuona hivyo.

Kisha Oktoba mapafu yako yakakataa kazi.

Ilikuwa Jumapili mchana. Nilikuja hospitalini na machungwa ambayo hukuweza kuyala, nikakaa kwenye kile kiti cha plastiki. Mama alikuwa ameteremka chumba cha sala. Ukaivuta pembeni barakoa ya oksijeni, ambayo muuguzi alikuwa ameshakugombeza juu yake mara mbili.

"Rukia. Simu ya Amerika."

"Rudisha barakoa, Baba."

"Simu."

"Imeshapigwa."

"Lini?"

"Juzi."

Ukanitazama kwa muda. "Mamako alisema mwenyewe?"

"Alisema mwenyewe."

"Alhamdulillahi," ukasema, ukairudisha barakoa bila kulazimishwa na mtu, ukafumba macho.

Sijui kama uliniamini. Mimi nilijiamini kabisa. Nilijiambia kwamba uongo wa kumtuliza mgonjwa si uongo, na kwamba Desemba bado iko mbali, nitapiga simu kesho na maneno yangu yatakuwa kweli yakiwa yamechelewa siku moja tu. Kesho yake nilikuwa na kikao. Keshokutwa ulihamishwa wodi. Alhamisi ukatutoka.

Tulikuzika Ijumaa, na Mama akaingia eda. Miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba, mavazi meupe, hana manukato wala wanja, haonekani na mwanamume asiyekuwa maharimu wake. Kina mama wa Kimombasa walikuja kutoka pande zote za jiji na masufuria ya pilau na mahamri kwenye basi, wakasoma, wakaondoka. Nami nikajifanya bawabu. Nilibandika karatasi mlangoni, nikazima kengele, nikamkataza hata tarishi asigonge. Watu walinisifu, wakasema binti wa Kingsbury anamkalisha mamake eda kama kwao. Nilizipenda sifa zile kiasi ambacho naona haya kukiri.

Novemba ikaja bahasha ya Amerika. Niliitambua kabla sijaifungua, na sikuifungua. Niliitia kwenye droo pamoja na kadi za rambirambi. Faili lako lilikuwa kabatini, hatua tatu kutoka nilipokaa, nami sikuweza kuligusa. Mle ndani kuna mwandiko wako kila ukurasa, herufi za mwalimu, zimesimama wima. Kila nilipolifungua kabati kutafuta kitu kingine nilisikia swali lako: mamako alisema mwenyewe? Nikalifunga. Watu wa ofisini walidhani nina huzuni ya kawaida. Nilikuwa na huzuni, lakini juu yake nilikuwa na hofu, na hofu ndiyo iliyokuwa ikiniongoza.

Katikati ya Desemba simu ikalia mchana, nikiwa nafanya kazi nyumbani. Mwanamume, mpole sana, wa ile kampuni inayotunza akiba. Aliomba kuzungumza na Mama. Nikamwambia mama yangu ni mjane, yuko kwenye maombolezo ya dini yetu, hawezi kusema na mwanamume asiye jamaa yake. Akanipa pole. Akasema kuna tarehe ya mwisho, thelathini na moja ya mwezi huo, na fedha za mwaka hazijatolewa. Akaniuliza kama naelewa. Nikasema naelewa.

Na nilielewa, Baba. Mimi ninayelipwa kwa kuwaandikia watu kwamba huu ni ukumbusho wa mwisho, nilielewa kila neno.

Mama akaita kutoka juu: "N'nani huyo?"

"Watu wa matangazo, Mama."

"Hawachoki hao," akasema.

Sasa nikwambie jambo ambalo limeninyima raha kuliko yote. Siku tatu kabla ya simu ile, daktari wa presha alipiga, naye ni mwanamume. Mimi mwenyewe nilipanda ngazi na simu, nikampa Mama, wakazungumza dakika kumi juu ya vidonge vinavyomvimbisha miguu. Hakuna aliyetaja eda. Haja ni haja, na dini haikuikataza, kila mtu nyumbani alilijua hilo. Eda niliikumbuka pale tu iliponifaa mimi.

Mwaka ukageuka. Sikumwambia mtu.

Eda ilikwisha mapema Machi. Mama akaoga, akavaa ile dera ya buluu uliyomnunulia, kina mama wakachoma udi hadi king'ora cha moshi kikalia na wote wakacheka, mara ya kwanza nyumba ile kusikia kicheko tangu uondoke. Siku mbili baadaye alikuja chini akakaa kwenye kiti chako.

"Rukia, pesa za Amerika za mwaka uliopita ziliingia wapi? Sizioni."

Alikuwa ameshapanga. Alitaka kukuwekea tangi la maji kwenye madrasa ya Kuze, Mombasa, uliposoma, liwe sadaka yako. Fundi alikuwa ameshapima mpaka paa.

"Ngoja niangalie," nikasema.

Kesho yake nikaenda peke yangu kwa Bwana Jayant, ghorofani juu ya lile duka la vitambaa Kingsbury Road. Unamjua, mtoto wa Makadara ya Nairobi, mliyekuwa mkigombana kila mkikutana kama bajia ni za Mombasa au za Nairobi. Kodi za watu wenye karatasi za Amerika ndiyo kazi yake. Alinisikiliza akizungusha kalamu.

"Dada Rukia, hii kitu iko na dawa," akasema. "Usiogope. Kwanza Mama atoe ile pesa ya mwaka jana, haraka, na usichanganye na ya mwaka huu. Ya mwaka huu itatoka peke yake. Halafu tunajaza form, tunaomba wasamehe ile penalty. Wakikubali, haulipi hata senti. Lakini lazima iko barua. Kwa nini haikutolewa? Sababu ya kweli, fupi, na Mama atie sahihi."

Ya kweli, fupi.

"Alikuwa eda," nikasema.

Akaacha kuizungusha kalamu. "Eda naijua. Jirani yetu pale Makadara alikaa, mama yangu alikuwa anampelekea chakula. Hiyo ni strong reason, dada. Very strong."

Akaandika palepale, kwa Kiingereza safi, kana kwamba Mama anasema: kwamba alifiwa na mume, kwamba dini na mila yake vilimzuia kuzungumza na watu hadi siku zitimie, na kwamba mara eda ilipokwisha alitafuta msaada. Ilikuwa barua nzuri. Ndani yake hakukuwa na mtu mwenye kosa.

Nilimkuta Mama mezani anachambua mchele. Nikamweleza nusu: kuna tarehe imepita, kuna faini, kuna karatasi ya kuomba msamaha, tia sahihi hapa chini. Akajipangusa mikono, akavaa miwani, akaisoma polepole. Wewe na mimi tulizoea kumsomea, Baba, tukasahau kwamba mtu huyu amesoma vyeti vya wagonjwa miaka ishirini na miwili.

"Hapa pameandikwa sikuweza kusema na watu kwa sababu ya eda."

"Ndiyo, Mama."

"Nani alon'uliza?"

Nikamsogezea kalamu.

"Nalikuwa eda, sikuwa kiziwi. Daktari nilisema naye. Nani alikuja akan'uliza, Mama, zitolewe zisitolewe, nikakataa?"

"Hakuna."

"Basi eda yangu mwaisingizia nini? Nimemkalia mume wangu siku zake zote, sikupunguza hata moja. Ndiyo heshima yangu ya mwisho kwake. Leo niipeleke Amerika ikawe kisingizio cha faini?"

"Ni karatasi tu, Mama. Bwana Jayant asema kwa hii watasamehe."

"Sitii sahihi." Akarudi kwenye mchele wake. Nilipokuwa nasimama akaongeza, bila kuniangalia: "Na hizo pesa sizigusi mpaka nijue imekuwaje."

Hapo ndipo tulipoanza kupishana ngazini. Alikuwa akipika, akila mapema, akipanda chumbani. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Bwana Jayant alipiga simu kila wiki. Kwa sisi tulio nje ya Amerika fomu zina mpaka katikati ya Juni, alisema, lakini serikali inaangalia pia ulirekebisha kosa upesi kiasi gani. "Dada, kila siku mnakaa, barua inakuwa weak. Mama anangoja nini?" Nikawa namwambia amechoka, ana mafua, anafikiria. Uongo mdogomdogo, Baba, wa kulisha ule mkubwa. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini mimi niliirefusha kadiri nilivyoweza.

Usiniulize kwa nini sikusema tu. Nilikuwa nikifika mlangoni kwake, mkono umeinuka kugonga, halafu nawaza: nikimweleza habari ya barua na ya simu, atauliza iliwezaje kuwa hivyo, na nitalazimika kufika hospitalini. Kumwambia kwamba nimemzuia yeye lilikuwa jambo moja. Kumwambia kwamba maneno ya mwisho ya maana niliyokwambia wewe yalikuwa ya uongo, sikuwa na ulimi huo.

Kilichonivunja ni fundi wa tangi. Alipiga kutoka Mombasa mwezi wa Mei, anataka malipo ya kuanzia, la sivyo atachukua kazi nyingine. Nilikuwa koridoni na nguo za kufua. Nikamsikia Mama akimjibu kwa ile sauti yake ya wodini, taratibu: "Nivumilie, mwanangu. Pamepita kosa dogo huku. Si la mtu."

Si la mtu! Miezi miwili haniangalii usoni, na mbele ya fundi ananifunika.

Niliziweka nguo chini palepale nikaingia. Sikukaa. Nilianzia mwisho nikarudi nyuma: simu ya matangazo haikuwa ya matangazo. Novemba kulikuwa na barua, iko kwenye droo. Kisha nikafika hospitalini, na nikasema yote, na swali lako la pili nikalisema, na nilivyojibu. "Aliniuliza kama umesema mwenyewe, nikamwambia ndiyo, umesema mwenyewe."

Mama aliinua mkono kama anayetaka gari lisimame. Akakaa hivyo.

"Akasemaje ulipomwambia?"

"Akasema Alhamdulillahi."

Aliushusha mkono. Hakulia. Mimi ndiye niliyekuwa nalia, na hakunikataza. Baadaye akasema, wala si kwa hasira: "Basi babako alipumzika juu ya jambo lisilokuwapo." Nilitamani anipige, Baba, kama mtoto. Mtu mzima mwenye mvi kandoni mwa masikio, nimesimama mbele ya mamangu natamani nipigwe yaishe.

"Kesho twende kwa huyo Jayant," akasema. "Twende wote."

Tulienda. Bwana Jayant alimkaribisha kwa mikono miwili, akamtolea kiti chenye mto, akafungua ile barua kwenye kompyuta. Mama akamwambia aifute.

"Yote, Mama?"

"Yote. Andika nitakavyokwambia, kwa Kiswahili chetu, halafu wewe utie Kiingereza." Akaikunja mikono mapajani. "Andika: mume wangu ndiye aliyekuwa akinishughulikia karatasi. Alifariki. Binti yangu alijua siku ya mwisho ni ipi. Alikuwa amemwambia babake jambo limekwisha na halijakwisha, na alipofiwa akaogopa kuligusa. Mimi sikuambiwa. Ningeambiwa ningesema ndiyo siku hiyo hiyo. Leo nimejua, na leo nazitoa."

Bwana Jayant hakuwa amegusa kibodi. Aliniangalia mimi, akamwangalia yeye, akavua miwani.

"Mama, samahani. Mimi nakuheshimu kama mama yangu. Lakini nikiandika hivi, wanaweza kukataa. Watasema hii ni uzembe ya familia. Ile ya eda ilikuwa safe."

"Wakatae."

"Ni pesa nyingi."

"Nalizifanyia kazi mimi, bwana. Najua ni ngapi."

Akaandika. Nilikaa pale nikatazama neno la Kiingereza la binti likitokea kwenye kioo cha kompyuta, na kando yake lile la kuogopa. Sikuwahi kuona aibu ya aina hiyo, na chini yake kulikuwa na kitu kama kupumua.

Kisha simu. Bwana Jayant aliiweka spika juu ya meza. Muziki ukapiga, sote watatu tukaitazama ile simu kama watu wanaosubiri hukumu. Akapokea mwanamke. Mama akataja jina lake, tarehe yake, mtaa wake. Akaomba kiasi cha mwaka uliopita kitoke leo, na cha mwaka huu kitoke peke yake. Yule mwanamke akamuuliza, kwa upole, swali ambalo nasikia siku hizi wanawauliza wazee wote: je, kuna mtu yuko nawe hapo, anayekusaidia au kukusukuma kufanya hivi?

Kiti changu kilikuwa kimegusana na chake. Mama alinigeukia akanitazama, mara ya kwanza tangu Machi.

"No," akasema. "Nobody."

Halafu akaomba kwamba namba ya pili ya simu iliyoandikwa kwenye akaunti, namba yangu, iondolewe. Simu ilipokatwa akaitia sahihi ile barua. Bwana Jayant akatutengenezea chai ya tangawizi ambayo hakuna aliyeinywa.

Tulirudi kwa miguu. Mama alisimama kwenye lile duka la matunda karibu na stesheni, akachagua maembe, akayanusa moja moja, akamrudishia muuzaji mawili. Nilimbebea mfuko. Tulipofika kwenye benchi la kituo cha basi alikaa, miguu ikimuuma, nami nikaona nisiposema pale sitasema tena.

"Mama, naomba radhi yako."

"Yangu nimekupa," akasema. "Nalikupa jana, uliposimama mbele yangu ukasema. Ungesema Desemba ningekupa Desemba." Basi likaja, watu wakashuka, likaondoka. "Lakini ya babako sina. Uongo ulimwambia yeye. Siwezi kusamehe cha mtu mwengine, Rukia. Kaiombe mwenyewe."

"Nitamwombaje?"

"Sijui. Wewe ndiye mwenye kuandika barua za watu kutwa."

Ndiyo nimekaa mchana huu, Baba. Mama yuko bustanini anaanika dera zake. Faili lako yuko nalo yeye sasa, amelipandisha chumbani, na jana nilimsikia akijisomea kwa sauti. Amerika hawajajibu. Bwana Jayant anasema yaweza kuchukua miezi, na yaweza kuwa ndiyo, na yaweza kuwa la. Wakikataa nitailipa faini mimi, hata nikatwe mshahara, na fundi ameshaanza kujenga. Hilo lina mwisho wake.

Lako sijui litaishia wapi. Waliosoma wanasema maiti hasikii, na wengine wanasema anasikia salamu. Mimi sitakwambia kwamba nilikudanganya kwa kukupenda, ingawa nilikupenda sana. Nilikuwa nimechoka, sikupiga simu, na niliona haya kukwambia. Ulikuwa umelala pale huna pumzi ya kuuliza mara ya tatu, nami nikashukuru kwamba huna. Hilo ndilo ninaloliombea msamaha, Baba, kuliko pesa na kuliko simu: kwamba nilishukuru. Nisamehe. Sitajua kama umenisamehe, na nitakuomba hivyo hivyo.

Mwanao wa pekee,
Rukia